Nailoni Isichanwe

Watu wengi hawajui kununua. Wanajua kulipa, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mtu anaingia dukani, anaona kitabu kina joka jekundu kwenye jalada, moyo unamwenda mbio, anatoa pesa, anakipeleka nyumbani, anakipiga picha, anakiweka rafuni, na huo ndio mwisho wake. Mwezi unaofuata anarudi kutafuta joka la kijani. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walishasema, na mimi sina la kuongeza.

Mimi ni fundi wa makochi. Jumapili mchana nasogeza sponji na magunia ya vitambaa ukutani, nafagia misumari, na meza yangu ya kukatia inakuwa meza ya mchezo. Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe uko hivi. Kila mmoja wetu anajitwalia mtu wa kubuni, anamwendesha na kumsemea: mpiganaji, mganga, mwizi hodari wa makufuli. Mmoja tu hana mtu wake, kwa sababu yeye amebeba watu wote waliobaki. Huyo ndiye msimulizi. Yeye ndiye mvua ikinyesha, ndiye mfalme, ndiye mlinzi mlevi, ndiye ajuza anayeuza dawa za uongo. Kitabu kinampa njia, dadu zinaamua bahati, na ujinga tunauleta wenyewe. Hakuna anayeshinda. Mke wangu aliwahi kuuliza tunacheza kwa nini kama hakuna anayeshinda, nikamjibu kwamba hata ndoa haina mshindi. Hakucheka.

Msimulizi wetu ni kaka yake mkubwa, shemeji yangu, mwalimu wa darasa la kwanza. Hakuoa. Husema amelea watoto wa watu wa kutosha, wengine wakiwa na ndevu sasa. Meza nzima tunamwita Mwalimu. Wengine ni Kinyozi, ambaye saluni yake na karakana yangu zinagawana ukuta, na ambaye mdomo wake hufanya kazi kuliko mashine yake; na Nesi, anayekuja moja kwa moja kutoka zamu na viatu vyake vyeupe, na ambaye mtu wake wa kubuni ndiye mkatili kuliko wetu wote.

Kopo la michango nilikabidhiwa mimi, na kwa kazi hiyo nikapewa jina la Birika, kwa maana ya mkono wa birika. Silikatai. Ningekuwa na mkono mlaini tungekuwa tunacheza kwa mawe. Thamani ya kitabu naipima kwa kugawa: bei yake juu, Jumapili zake chini. Kitabu cha bei ndogo kilichochezwa mara moja kikatuchosha ni ghali. Kitabu cha bei kubwa kilichotukalisha mwaka mzima ni kama cha bure. Kwa hiyo hatununui cha pili kabla cha kwanza hakijaisha. Dadu ni seti moja inayozunguka meza. Kinyozi aliwahi kujinunulia zake zinazong'aa gizani, nikamuuliza kama anapanga kucheza ndani ya kisima. Majeshi ya maadui ni vifungo vya makochi, kila rangi na kabila lake. Na vya mitumba nanunua, lakini nafunua ukurasa mmoja mmoja mbele ya muuzaji, maana ukurasa unaokosekana siku zote ni ule wenye ramani.

Kwa sheria hizo tumecheza miaka, na kila mtu pale mezani anajua kwamba tumetumia pesa kidogo kuliko mlevi mmoja wa kawaida.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikitushinda. Katika duka la vitabu na michezo tunakonunulia, rafu ya juu kabisa, lilikaa sanduku kubwa. Ndani yake, kwa maelezo ya nyuma, mlikuwa na historia ya mji mzima, ramani za kitambaa, kadi za watu na wanyama, na hadithi moja ndefu ya kuchezwa miaka miwili. Mwalimu hakuwahi kuomba tulinunue. Kila tukienda alikuwa anaomba ngazi kwa muuzaji, analishusha, anasoma mgongo wake kana kwamba yaliyoandikwa yamebadilika, kisha analirudisha taratibu. Ndipo tukaanza kujaza kopo kwa ajili yake, haba na haba.

Sauti ya Mwalimu ilianza kukwaruza wakati wa mvua. Tulidhani ni chaki. Kinyozi alimletea asali, mke wangu akamkataza kuongea na watu wasio na maana, akimaanisha sisi. Nesi hakuleta kitu. Alikaa Jumapili moja bila kurusha dadu vizuri, akimsikiliza tu jinsi anavyovuta pumzi katikati ya sentensi, na kesho yake akamshika mkono akampeleka hospitali yeye mwenyewe.

Majibu yalipotoka, Mwalimu aliomba Nesi atueleze, na yeye asiwepo. Tulikaa kuizunguka meza, kiti chake kikiwa wazi. Nesi alisema kuna uvimbe kwenye zoloto, kile kisanduku cha sauti kilichomo kooni, na kwamba umefika mahali ambapo hakuna kukwangua wala kuchoma. Zoloto lote linatolewa. Tarehe ilikuwa imeshapangwa, mwezi uliofuata. Uwezekano wa yeye kubaki hai ni mkubwa. Atapumua kwa tundu la shingoni. Kuna vifaa vya kusaidia kusema, wengine hujifunza, wengine hawawezi, na kwa vyovyote inachukua muda mrefu. Lakini sauti ile, alisema, ile tunayoijua sisi, haitarudi.

Kinyozi alisema basi tulinunue sanduku leo hii, matibabu yanalipiwa na bima ya kazini, kopo ni letu, tumfurahishe.

Nilisema hapana, na hata leo nasema hoja yangu ilikuwa na miguu. Sanduku lile ni la miaka miwili, na sauti iliyobaki ni ya mwezi. Utanunua shuka la kitanda kikubwa ukalitandike kwenye benchi? Pale dukani palikuwa na kitabu chembamba, hadithi fupi nzuri, ambayo tungeimaliza yote kwa sauti ya Mwalimu mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, hakuna ukurasa wa kupotea. Hiyo ndiyo niliyoiita heshima.

"Birika," Kinyozi akasema, "huyu ni mtu. Si sponji ya kupima kwa futi."

Tukarushiana maneno ambayo hayana faida kuyarudia. Nesi ndiye aliyetunyamazisha. Alisema wagonjwa wanachoka kuamuliwa mambo, mmoja wetu aende akamuulize. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye shemeji.

Nilimkuta chumbani kwake nyuma ya shule, anasahihisha madaftari ya watoto, hesabu za kutoa. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona tayari, kuhifadhi kilichopo. Nilimweleza yote mawili, sanduku na kitabu chembamba, na sikumficha upande wangu. Alisikiliza huku akiendelea kuweka vema na makosa.

"Kile kidogo kinaisha lini?" akauliza.

"Kabla hujaenda hospitali."

"Halafu?"

Sikuwa na halafu. Nilitazama madaftari.

"Shemeji," akasema, "mkinunua kile, mmenizika huku nawatazama. Nunueni sanduku."

Nikamuuliza atalisimulia vipi. Alisema hajui. Alisema hivyo bila aibu yoyote, yeye ambaye hujibu kila swali la mtoto wa miaka sita. Kisha akaweka kalamu chini.

"Hilo la vipi niachie mimi. Wewe nunua. Ila mlinunue kama watu wanaonisubiri."

Nilitoka pale nimeumia, na pia, sitaficha, nikiwa na wasiwasi na lile kopo. Nilimpenda shemeji yangu na niliheshimu pesa za watu. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba mtu lazima achague kimoja.

Dukani nilifanya nilichokizoea. Muuzaji hakupunguza bei, akisema sanduku hilo hawapunguzi hata kwa ndugu. Basi nikamzungukia upande mwingine. Nikambana mpaka akakubali kwamba nikibadili mawazo kabla shule hazijafunguliwa, nitarudisha na kupewa pesa yangu yote, sharti moja tu: ile nailoni iliyolizungushia sanduku isichanwe. Likishafunguliwa, alisema, hata liwe halijaguswa ndani, ni mtumba, na mtumba ni nusu bei. Akaandika nyuma ya risiti na kugonga muhuri.

Nilipowaeleza wenzangu, walinisifu. Nesi alicheka, na hakuwa amecheka kwa muda. Alisema ni busara, kwa sababu katika mambo ya koo lolote linaweza kutokea. Kinyozi alisema nchi inanikosea kutonipa wizara ya fedha. Hatukukubaliana kumficha Mwalimu. Hatukuona tu kama kuna kitu cha kumwambia. Sisi ni watu wa kazi za mikono. Kwetu mteja hulipa akishakalia kochi, na mlango wa nyuma ni sehemu ya nyumba.

Jumapili ya mwisho kabla ya hospitali tulikuwa tunamalizia hadithi ya zamani, ya kitabu nilichokinunua mtumba. Kinyozi alifunga saluni na kuzima redio. Ilibidi tuinamie meza kumsikia. Nilidhani atakwenda haraka afike mwisho, lakini Mwalimu alifanya kitu ambacho hakikuwa kitabuni. Aliwaleta watu wote wa hadithi ile, mmoja mmoja, kwenye daraja tulilokuwa tumesimama. Ajuza wa dawa akaja na sauti yake ya puani, akatulaumu kwamba hatukumlipa. Mlinzi mlevi akaja. Mfalme akaja, na kile kikohozi cha kujifanya mkubwa. Mtoto wa mhunzi, ambaye tulikuwa tumeshamsahau, akaja akatuambia amejifunza kusoma. Kila mmoja alisema neno lake akavuka daraja akaenda zake. Sauti zote zile, zikiwa zimebaki unong'ono tu, bado ungejua ni nani na nani. Aliyevuka mwisho hakusema kitu, na Mwalimu akafunga kitabu. Nililia, na sioni haya kulisema. Nesi alikwenda kusimama mlangoni akatazama barabara.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alipotoka hospitali mke wangu hakutaka kusikia habari za chumba nyuma ya shule. Alimleta kwetu, akamlaza sebuleni kwenye kochi refu nililolitengeneza kwa mikono yangu. Shingoni alikuwa na tundu lenye kijibomba, na pumzi yake ilipita pale ikifanya mluzi mdogo. Alipewa ubao mweupe wa kuandikia. Shuleni walikuwa wamemwahidi kazi ya ofisini. Aliandika neno "ofisini" kwa herufi kubwa za darasa la kwanza, akatuonyesha, akafuta.

Wiki ile ile Nesi na Kinyozi walikuja kumtazama. Walikaa, wakanywa chai, na ukimya ukawa mzito, maana tulizoea yeye ndiye aujaze. Kinyozi ukimya humuwasha mwilini. Akaanza kueleza mambo ya saluni, akaishiwa, akaingia kwenye sanduku. Akamwambia Mwalimu apone taratibu, asiharakishe kwa ajili yetu, na kama itaonekana mambo hayawezekani asijisikie vibaya hata kidogo, kwa sababu Birika alimbana muuzaji, nailoni haijachanwa, na hela yote inarudi.

Aliyasema kwa mapenzi. Alikuwa anamtua mtu mzigo.

Mwalimu alinigeukia mimi. Sikumbuki kama niliyakwepa macho yake, nadhani niliyakwepa. Alichukua ubao akaandika neno moja, "Rudisheni," akauweka juu ya meza ambapo wote tungeuona. Kisha akajilaza, akageukia ukutani.

Mke wangu alinisubiri jikoni. Alikuwa anaosha vikombe, na alinisemesha bila kugeuka.

"Umemwekea kaka yangu risiti."

Nikajitetea kwamba pesa ni za watu, kwamba hata wenzangu walikubali, na kwamba sasa mwenyewe ameandika tulirudishe, nimfanyeje? Akasema kaka yake tangu utotoni akiudhika hagombi, huwapa watu kile anachoona wanakitaka. Akasema Mwalimu aliniomba kitu kimoja tu, tumsubiri, na anayemsubiri mgeni hapiki nusu sufuria. Kisha akanipa kitambaa nifute vikombe, na hakuongea nami tena mpaka kesho yake.

Zilipita Jumapili ambazo sipendi kuzikumbuka. Mwalimu hakuja karakanani, ingawa ni mwendo mfupi na alikuwa anatembea vizuri. Sisi watatu tulijaribu. Nesi alishika usimulizi, akajitahidi, lakini kila mtu wake alikuwa anaongea kama mgonjwa anayejieleza kwa daktari, na Kinyozi alipotaka kuiga sauti ya mfalme alinyamaza katikati. Tukaishia kupiga soga, na soga zenyewe zikawa fupi. Sanduku lilikaa juu ya kabati la zana, nailoni inang'aa, na mimi nilikuwa nalifuta vumbi.

Nyumbani, kila nikirudi kazini, ubao ulikuwa na swali: "Umerudisha?" Najibu bado. Anafuta. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Nilimweleza mke wangu kwamba kama mtu amesema mara zote hizi, basi kumkatalia nako ni dharau. Alisema nifanye ninavyojua, kwa ile namna ambayo wake husema hivyo.

Nikalifunga sanduku kwenye mfuko, nikaenda.

Muuzaji alinikumbuka. Alilipeleka dirishani penye mwanga, akalizungusha, akapitisha kidole kwenye kona zote nne, akatafuta mahali nailoni ilipoweza kuinuka. Ni mtu makini, namheshimu kwa hilo. Akasema ni safi kabisa, akaingia nyuma ya kaunta, akavuta droo. Akauliza lina kasoro gani. Nikasema halina. Akauliza kama sitaki kubadilisha, maana kwa bei hiyo hiyo ningepata vitabu vyembamba vitatu, na kile nilichokuwa nikikitaka zamani bado kipo.

Hapo nikaanza hesabu yangu, maana akili yangu huanza yenyewe. Bei juu, Jumapili chini. Sanduku: Jumapili hakuna. Vitabu vitatu: nani wa kuvisimulia? Hakuna. Nikakumbuka ile hadithi ya mtumba, ambayo nimejisifu nayo kwa miaka kwamba niliipata kwa bei ya karanga ikatukalisha zaidi ya mwaka. Kitabu kile, nikizikumbuka kurasa zake, kilikuwa kibovu. Nilikifunua kurasa zote siku ya kukinunua, nikaona ramani ipo, nikaridhika. Sikuona kwamba hadithi yenyewe ni ya kumaliza kwa mchana mmoja. Ajuza wa dawa hakumo. Mtoto wa mhunzi hakumo. Daraja lipo, na juu yake hakuna mtu. Vyote vile nilivyovinunua kwa ujanja wangu, kimoja baada ya kingine, vilikuwa karatasi. Mimi nilikuwa nagawa bei kwa Jumapili, na Jumapili zenyewe Mwalimu alikuwa anazitoa bure.



Muuzaji alikuwa ameshahesabu noti na kuzinyoosha mbele yangu. Nikavuta sanduku, nikaingiza ukucha wa dole gumba kwenye kona, pale anapopajua mtu anayefungua majora ya kitambaa kila siku, nikavuta. Nailoni ikaachia upande mzima.

"Mzee," akasema taratibu, "sasa siwezi kulipokea."

Nikamwambia najua. Alizirudisha noti kwenye droo, akanitazama kidogo kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa, akaniuliza kama nataka mfuko mwingine.

Nyumbani Mwalimu alikuwa amekaa, ubao magotini, swali limeshaandikwa. Sikungoja anionyeshe. Nililiweka sanduku mapajani mwake. Alilitazama. Akashika nailoni iliyoning'inia, akaifuata kwa vidole mpaka mahali ilipochanikia. Kisha akafuta ubao kwa kiganja akaandika: "Limeshuka bei."

"Nusu," nikasema.

Mabega yakaanza kumtikisika, na ule mluzi wa shingoni ukaja kwa vipande vipande. Nilishtuka nikamwita mke wangu. Alikuja mbio, akamtazama kaka yake, akaniambia niache ujinga, anacheka.

Nilimwambia basi, alipotulia, nilichokuja nacho kutoka dukani: kwamba vitabu vilikuwa vibovu, kwamba sikuwa najua, kwamba tunamsubiri na hakuna pa kurudishia. Aliinua mkono, akafungua kifuniko, akatoa kitabu cha kwanza, akanipungia nitoke nimwache asome.

Alisoma wiki nzima. Jumapili alikuja kwa miguu, skafu shingoni, sanduku kwapani. Kinyozi alikuwa amefagia karakana yangu bila kuombwa. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake, akatandaza ramani ya kitambaa juu ya meza, akapanga vifungo vyangu vya makochi kandokando ya ukuta wa mji. Hakuja na ubao. Nesi alipouliza uko wapi, akatikisa kichwa.

Akafungua ukurasa wa kwanza, akampa Kinyozi, akamwekea kidole mahali pa kuanzia. Kinyozi anasoma kama anayekimbizwa. Mwalimu akagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja, Kinyozi akapunguza. Akagonga tena, akatulia kabisa. Nilikuwa najua kugonga kule. Nadhani nusu ya watu wazima wa mtaa wetu wamefundishwa kusoma kwa kugongewa vile. Kinyozi akasoma habari za mji uliozungushiwa ukuta, lango lake liko wazi na halina mlinzi, na ndani hakusikiki mtu. Aya ikaisha. Akateremsha kitabu.

Tukamgeukia Mwalimu.

Mchezo huu una swali moja. Msimulizi akishaeleza kilicho mbele yenu, huwauliza, na asipouliza hakuna kinachosogea. Mnabaki mmesimama mahali mlipo mpaka siku ya mwisho. Tulingoja. Kinyozi alitazama ukurasa kama swali limo humo. Nesi alifungua mdomo amsaidie kuuliza, na Mwalimu akamwinulia kiganja, hapana.

Aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Akatutazama, Nesi, Kinyozi, mimi, kila mmoja kwa zamu, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kisha midomo yake ikasema, polepole, kila silabi na umbo lake, bila sauti yoyote ila pumzi iliyopita shingoni: Mnafanya nini?

Nilimjibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, utadhani asiyesikia ni yeye. Nilisema tunaingia.